Wimbo wako wa Krismasi ni upi? Wangu una kipande kilichokatwa

Binti wa Fundi Meli (Kirumba, Mwanza)

Habari za jioni wakuu.

Leo mchana nilikuwa Makoroboi kutafuta kitambaa cha sare ya kwaya, nimefuatana na mdogo wangu. Muuza spika mmoja akafungulia Boney M., lile kundi la disko la zamani, ule wimbo wao wa mtoto wa Mariamu, "Mary's Boy Child", kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Tukaanza kuimba palepale katikati ya watu. Ulipofika mahali fulani, mimi na mdogo wangu tukaruka maneno kwa pamoja, tukasonga mbele, spika ikabaki nyuma yetu. Tukatazamana. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado tunaimba ile kaseti ya nyumbani.

Nieleze kidogo. Baba alikuwa fundi chumba cha injini, MV Victoria, safari za Bukoba. Mliokulia Mwanza mnajua Desemba bandarini inavyokuwa: Wahaya wanarudi kwao, madebe, magodoro, watoto wamevishwa viatu vipya, tiketi za daraja la tatu zinagombewa. Meli inaondoka usiku, inagusa Kemondo, asubuhi iko Bukoba. Kwa hiyo watu wakifika kwao kula sikukuu, baba yangu ndiye aliyewafikisha, na sisi tukala sikukuu bila yeye. Mkesha wa utotoni kwangu ni marehemu mama anachambua mchele wa pilau chini ya taa, sisi wanne tumemzunguka, na redio kaseti juu ya kabati.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya dakika 60. Baba aliirekodisha kwenye kibanda cha muziki mjini ili, kwa maneno yake, nyumba isiwe kimya. Upande A ulikuwa Boney M. watupu, na wimbo wa kwanza ndio huo. Upande B alirudi nao mtupu, mama akaujaza mwenyewe kwa nyimbo za kwaya kutoka redioni, Jumapili kwa Jumapili, kidole juu ya kitufe, sisi tumekatazwa hata kukohoa. Alijaza mpaka mkanda ukaisha, maana alisema kaseti imelipiwa yote.

Mwaka mmoja, wiki ya Krismasi, redio ikameza mkanda. Mdogo wangu alilia kama amefiwa. Baba alikuwa nyumbani siku hiyo, na bado namwona: amekaa sakafuni, amefungua zile skrubu ndogo tano, amevuta mkanda uliojikunja kama ganda la kitunguu. Mikono ile ilikuwa na grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya magadi, lakini alishika ule mkanda kwa ncha za kucha tu. Akakata kipande kilichoharibika kwa wembe. Akaomba rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akapaka tone moja kwenye ncha, akapandishia ncha ya pili, akapuliza. Akatuambia tusiguse mpaka apige chai. Kisha akarudisha mkanda kwa kalamu, taratibu, akaweka redioni. Ukaimba. Ila ulipofika pale, ukaruka kama sekunde nne na kuendelea.

Tukajifunza kuimba na mruko wake. Hatukujua Kiingereza, tuliimba sauti tu, kwa hiyo hatukujua tumepoteza nini. Nilipofika kidato cha pili nikaandika maneno yote kwenye daftari, nikakuta ni Luka sura ya pili ileile ninayoisikia kanisani: safari, hakuna nafasi, mtoto. Nilishangaa sana kwamba jambo hilo linaweza kuchezewa muziki.

Sasa hivi naimba alto, sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ya parokia, mwaka wa kumi na moja. Nyimbo za noti nazipenda, hata Haleluya ya Handel tumeiimba. (Siku yangu ya kwanza mazoezini mwalimu alinisimamisha kwenye "Usiku Mtakatifu", ubeti wa pili, akasema nawahi. Niliona aibu mpaka leo.) Lakini ukiniuliza wimbo mmoja, ni ule wa Boney M., wenye tone la rangi ya kucha.

Niambieni wa kwenu. Mmoja tu, na mlikuwa wapi ulipowaingia.

---

Mwalimu wa Sauti Nne (Igoma)

Dada, umenigusa. Wangu ni huohuo uliokusimamisha, "Usiku Mtakatifu", na nitakwambia ulinipata wapi.

Nilianza kufundisha kwaya kwenye kigango kimoja upande wa Kayenze, mwaloni kabisa. Wanaume wote wa kwaya walikuwa wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina kazi na wavuvi wanabaki nchi kavu. Kwa hiyo ratiba yangu ya mazoezi haikufuata kalenda ya ukutani. Mwezi ukijaa nina waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) wanane na wa besi (sauti ya chini) kumi na mmoja. Giza likiingia nabaki na soprano na alto tu.

Krismasi moja ikaangukia kwenye giza. Niliwaomba wabaki usiku mmoja. Walinijibu kwa heshima kwamba ada za shule za Januari zinatoka humo ziwani, na mimi kama mwalimu wa shule sikuwa na la kusema. Saa tatu usiku kanisa limejaa, wanaume kwenye kwaya ni wawili: mimi kwenye sauti ya tena na katekista mzee kwenye besi. Umeme hakuna, kinanda cha betri hakina betri. Kijana mmoja alikuwa na gitaa. Tukaimba hivyo. Wanawake wakaitikia mwisho wa kila ubeti.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kutoka pale mbele niliona taa za karabai ziwani, zimejipanga kama mtaa wa mji. Zile ndizo besi zangu kumi na moja.

Baada ya miaka ndipo nikasoma habari za wimbo wenyewe. Maneno aliyaandika padri kijana wa Austria, Joseph Mohr, mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818 akampelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji cha jirani, aliyekuwa pia anapiga kinanda kanisani, akamwomba atunge sauti. Usiku uleule wakauimba katika kanisa la Oberndorf: Mohr kwenye sauti ya tena, gitaa mkononi, Gruber kwenye besi, kwaya ikirudia mwisho wa beti. Wanaume wawili na gitaa! Nilisoma pale nikaweka kitabu chini, nikatoka nje kidogo.

Wapo wanaosimulia kwamba panya walikula mifuko ya hewa ya kinanda chao. Hiyo ni hadithi iliyotungwa baadaye, haina ushahidi. Gitaa ndilo la uhakika. Na aliyeufanya usambae ni fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliyeubeba mpaka kwao Tirol, familia za waimbaji za huko zikaupeleka mbali.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu: msiukimbize, wala msiuvute kama wimbo wa mazishi. Mapigo yake ni sita kwa nane, ni ya kubembeleza mtoto. Mwambie mama yeyote wa kwaya ambembeleze mtoto wake huku wewe unahesabu, utapata spidi sahihi.

---

Ng'wana Kisesa

Mwangaluka wote.

Mimi siwezi kutaja jina la wimbo kwa sababu haukuandikwa. Ni wa vipaji, wa kupeleka sadaka altareni, kwa Kisukuma, tulikuwa tunauimba Krismasi tukiwa wadogo huku Kisesa, jirani na Bujora. Padri David Clement, yule Mkanada wa Bujora, ndiye aliyewapa wazee wetu ujasiri kwamba ngoma ya Kisukuma inaweza kuingia kanisani na Mungu asikasirike. Bibi yangu aliucheza huo wimbo akiwa amebeba kuku hai wa kumtolea Mtoto, na kuku ametulia kabisa. Ngoma kubwa ikilia pale unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Krismasi ya spika sijaizoea mpaka leo.

---

Mtumishi wa Nyegezi

Bwana Yesu asifiwe. Dada, simulizi yako ni nzuri, lakini mimi naona tuseme ukweli: Boney M. ni disko. Watu wanakunywa nao bia. Wimbo wa Krismasi uwe na upako, utoke kwa watu wanaomwimbia Mungu. Tuna kwaya hapahapa Mwanza, AIC Makongoro na nyingine nyingi, kwa nini moyo uende Ulaya?

---

Binti wa Fundi Meli (Kirumba, Mwanza)

Amina, mtumishi. Nakuheshimu na sitabishana na wewe kuhusu bia. Lakini wimbo ule haukuanzia kwenye disko, na naomba niutetee.

Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1901, mjukuu wa watumwa. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa kwaya, akifundisha nyimbo za kiroho za watu weusi, zile walizoziimba mashambani. Aliyeurekodi kwanza ni Harry Belafonte, mwaka 1956. Ni Belafonte huyohuyo ambaye mwaka 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba, wakaimba "Malaika" kwa Kiswahili. Boney M. wameupokea mwaka 1978. Ni kweli walikuwa na makao Ujerumani na mtayarishaji wao, Frank Farian, alikuwa Mjerumani, lakini akina mama wawili unaowasikia humo, Liz Mitchell na Marcia Barrett, ni wazaliwa wa Jamaika. Kwa hiyo moyo wangu haukwenda Ulaya, mtumishi. Ulikwenda kwa mjukuu wa watumwa aliyekuwa anashika kijiti cha kuongozea kwaya kama mwalimu wangu anavyoshika.

Na zaidi ya hayo yote, ulikuwa unamlinda mama asikae kimya usiku ule. Hilo kwangu ni upako.

---

Mama Chekechea (Nyakato)

Naongeza fupi. Wanangu darasani wanadai "Jingle Bells" kila siku tangu Novemba. Wazazi wakaniuliza uhusiano wake na Yesu, nikaenda kutafuta. Umetoka Marekani mwaka 1857, wa James Pierpont, unasimulia farasi anakokota gari la kuteleza kwenye theluji, Krismasi haitajwi hata mara moja. Nimewaacha waimbe. Wana miaka mitano na wamejifunza kupiga makofi kwa pamoja kwa wimbo huo, jambo ambalo nyimbo nyingine zote zilishindwa.

---

Kato wa Kashai (Bukoba)

Binti wa Fundi Meli, shikamoo ya baba yako mpelekee kwanza.

Nadhani nimewahi kubebwa na mzee wako. Nilikuwa mwanafunzi Mwanza, Desemba moja nikakosa basi na fedha, nikapata tiketi ya daraja la tatu tarehe 24 yenyewe. Tumekaa juu ya mizigo, mimi nimeegemea gunia la mtu. Watu walikuwa na huzuni ya kukosa misa ya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu, kanzu na koti, aliyesema amesoma seminari ya Rubya enzi za mapadri wazungu. Ilipokaribia saa sita akasimama, akashika nguzo, akaanza "Adeste Fideles", ule wa kuwaita waaminifu waje, kwa Kilatini. Peke yake. Sauti ya uzee, inatetemeka, lakini maneno yote anayo.

Sisi vijana hatukujua Kilatini. Lakini ile sauti tuliijua, tumeimba kwa Kiswahili na kwa Kihaya tangu ubatizo, basi kila mtu akaingia na lugha yake. Mama mmoja Mlokole karibu yangu aliingia na maneno ya kwao. Lugha nne kwenye wimbo mmoja, na zote zikafika kwenye kiitikio pamoja. Na saa sita ilipotimia, honi ya meli ikalia, ndefu. Sijui nani aliibonyeza. Watoto wote wakaamka wakaanza kulia.

Huo ndio wimbo wangu. Tangu siku hiyo nikiusikia kanisani, vifundo vya miguu vinasikia mtikisiko wa injini. Na aliyekuwa kwenye injini hiyo ni baba yako, kumbe.

---

Binti wa Fundi Meli (Kirumba, Mwanza)

Kaka Kato, nimesoma mara tatu. Hili la honi baba hajawahi kutuambia. Miaka yote nilidhani usiku ule yuko mahali ambapo Krismasi haifiki. Nitampigia.

---

Fundi Redio wa Rwagasore

Nimesoma uzi wote kimya, lakini nina swali moja la kifundi kwa mwenye uzi, usilione dogo.

Mkanda wa kaseti unakimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukisema uliruka sekunde nne, mzee alikata kama sentimita 19, shibiri moja ya mtu mzima. Kwa mkanda uliomezwa vibaya hiyo ni kazi safi sana. Rangi ya kucha nimeitumia mimi mwenyewe, inashika, ila lazima tone liwe dogo, likizidi linachafua kichwa cha redio. Mzee alijua anachofanya.

Sasa swali. Mkanda ule upana wake haufiki milimita 4, na pande zote mbili zimo kwenye mkanda huohuo mmoja. Nusu ya upana ni upande A, nusu nyingine ni upande B, ukienda kinyume. Huwezi kukata upande mmoja. Wembe ukipita, umekata zote mbili. Na mwanzo wa upande A uko mgongoni mwa mwisho wa upande B.

Kwa hiyo kama wimbo wa kwanza wa A uliruka, basi wimbo wa mwisho wa B nao uliruka. Mama yako alirekodi wimbo gani mwisho?

---

Binti wa Fundi Meli (Kirumba, Mwanza)

Fundi, nimekaa na simu mkononi nusu saa kabla ya kukujibu.

Wimbo wa mwisho wa upande B ni "Usiku Mtakatifu".

Nimeuimba sasa hivi chumbani, taratibu, nikihesabu kwa kidole kama tunavyofanya mazoezini. Ubeti wa kwanza uko sawa. Ubeti wa pili, katikati, nimeruka. Hata sikusikia nikiruka, mdogo wangu ndiye aliyenishika mkono akasema "hapo". Mwalimu wa Sauti Nne, sikuwa na woga siku ile. Nilikuwa naimba mkanda. Nilidhani kwaya ya redioni ndivyo ilivyoimba, au mitambo ilikatika kidogo mama akiwa anarekodi. Sikuwahi kuunganisha upande ule na huu.

Nimempigia baba, yuko Nyamanoro. Nimeanza na honi ya kaka Kato. Amesema ndiyo, ilikuwa inapigwa, lakini kule chini kwenye injini husikii wimbo wala honi. Unajua saa sita imefika kwa sababu mtu anashuka ngazi na birika la chai na kukupa mkono. Anatoa glavu kwanza, ndivyo alivyosema baba. Siku nyingine zote watu wanasalimiana na glavu.

Halafu nikamuuliza kuhusu upande B. Akanyamaza, kisha akacheka, kicheko kile cha kukohoa. Amesema alijua tangu usiku uleule. Tulipolala aligeuza kaseti, akasikiliza mpaka mwisho, sauti chini, akasikia mruko kwenye wimbo ambao mama alingoja Jumapili tatu ili aupate mzima. Akamwamsha akamwomba radhi. Mama akamwambia, "Acha, watoto hawatajua."

Ameniuliza kama bado naruka. Nikamwimbia ubeti wa pili kwenye simu, na yeye akaingia sauti ya chini. Tulipofika pale tukaruka wote wawili.